Kago la Bi Salma

Nilipokuwa mtoto sikuwahi kumwona mtu anayedanganya kwa utulivu kama Bibi yangu, Bi Salma, na huyo alikuwa mwanamke asiyekosa sala hata moja. Tuliishi Chanika, enzi za Mwingereza, wakati Chanika ilikuwa mashamba na mapori, na mtu akienda mjini aliaga jirani zake kama anayesafiri. Babu alikuwa na duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa. Alipofariki, ndugu zake walichukua duka, Bibi wakamwachia msitu wa mivule uliokuwa nyuma ya nyumba. Wao walidhani wamempunja. Yeye alidhani amepata, maana aliipenda ile mivule kuliko alivyowapenda wao.

Ubaya wa msitu ni kwamba hauna mlango. Watu walikata miti, wakachoma mkaa, na mwisho bwana mmoja aliyeitwa Pazi akaleta mapipa na wenzake wawili, wakaanza kupika gongo, ile pombe ya magendo, humo humo ndani. Bibi alikwenda kuwafukuza. Walimwamkia vizuri sana, wakampa kigogo akalie, wakamsikiliza mpaka akamaliza, kisha wakaendelea kuchochea moto. Nilikuwepo, na niliona namna Bibi alivyonyanyuka pale kwenye kigogo. Sijasahau.

Akaenda kushtaki kwa Jumbe, ambaye ndiye aliyekuwa serikali yetu pale kijijini. Jumbe alimsikiliza huku akijichokonoa meno.

"Ijumaa baada ya swala nakuja na askari kukagua," alisema. "Lakini nakwambia mapema, Bi Salma. Nikikuta mtambo wa gongo, mie siulizi mtambo wa nani. Nauliza msitu wa nani."

Bibi aliaga, tukarudi. Alipofika nyumbani alivua ushungi, akakaa jikoni, akaniambia, "Zena, niletee ile foronya nyekundu iliyochanika."

Hapa lazima nieleze kago, kwa ajili ya wale waliokulia mjini. Kago ni dawa inayofungwa shambani kulinda mali. Kwetu ilijulikana kwamba mwizi akinaswa na kago hatoki, mpaka mwenye shamba aje amfungue kwa maneno yake. Akilazimisha kutoka, tumbo linavimba. Kazi hiyo ilikuwa ya waganga, na mganga aliyeogopwa zaidi alikuwa Kimbiji, mbali kabisa kwenye pwani. Bibi hakwenda Kimbiji. Alichana foronya, akachukua pembe ya mbuzi tuliyemla sikukuu, akachukua kifuu cha nazi na chupa, na ile chupa tukaijaza chai ya rangi ya jana. Kisha akawatangazia majirani kwamba mzigo wake umefika kutoka Kimbiji.

"Ukimwambia mtu," alinionya, "nitakufunga wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo na mie nikaacha.

Ijumaa alfajiri tukaenda kutundika kago letu kwenye mdomo wa njia ya msituni. Ile ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuingilia, maana pande nyingine zote palikuwa na bonde la matope na miiba. Hesabu ya Bibi ilikuwa nyepesi: Pazi na wenzake watakuja, wataliona, watageuza, sisi tutayafukia mapipa yao, na Jumbe atakuta moto umezimika. Hakujua kwamba siku hiyo walikuwa wamewahi kuliko sisi. Tulipokuwa tunafunga ile foronya, wao walikuwa tayari wako ndani.

Jua lilipopanda tukasikia sauti kutoka msituni.

"Hodi! Hodi, Bi Salma!"

Katika maisha yangu nimesikia hodi nyingi za kuingia. Hodi ya kutoka nimeisikia mara hiyo tu.

Tuliwakuta watatu wamekaa chini, hatua chache kabla ya kago, mizigo yao ya madebe pembeni. Pazi alikuwa mbele, kofia ameishika mkononi. Nyuma yake kijana wake Shomari alikuwa akishika kidole cha mguu kinachovuja damu. Wa tatu alikuwa Yohana, mtu wa bara, Mkristo, aliyeajiriwa kupasua kuni.

"Shikamoo, Bi Salma," alisema Pazi. "Tumekosa. Tufungue."

"Marahaba. Nani kawafunga? Tokeni mwende zenu."

"Hatuwezi. Shomari kajaribu, kago limemkamata mguu, kabwagwa chini."

"Kajikwaa kwenye mzizi huyo!"

"Hata sie tulidhani hivyo," alisema Pazi kwa huzuni.

Bibi akamgeukia Yohana. "Na wewe? Nyie si hamyaamini mambo haya?"

"Mie siamini hata kidogo, mama," alisema Yohana. "Nawasubiri wenzangu tu." Alikuwa amelishika tumbo lake kwa mikono yote miwili.

Bibi alinivuta pembeni. Kwa miezi alikuwa akiomba watu hawa watoke, sasa wamekwama kama mihogo ardhini, na baada ya swala Jumbe anakuja. Wakikutwa pale na mapipa yao, ni yeye atakayekwenda jela. Angeweza kusema ukweli: jamani, hii ni foronya na chai. Wangetoka mbio. Lakini wangetoka wakicheka, na kesho wangerudi na kijiji kizima, na asingebaki na mti hata mmoja.

"Bibi, wafungue," nilinong'ona.

"Kwa maneno gani, mtoto wewe? Sikuyanunua!"

Alijaribu hivyo hivyo. Alisimama mbele yao, akanung'unika kitu ambacho mie nilikitambua ni majina ya shangazi zangu, kuanzia mkubwa. Pazi akanyanyuka, akapeleka mguu mmoja mbele, akaurudisha.

"Hayajashika, Bi Salma. Nasikia tumbo linaanza."

"Langu limeshaanza," alisema Yohana.

Hapo ndipo nilipomwona Bibi akitulia. Alijifunga kanga kiunoni, akasema kwa sauti niliyokuwa siijui, "Kago hili si la maneno matupu. Linamwachia mtu akishafuta alichokifanya. Mapipa yavunjwe. Gongo imwagwe. Tanuri lenu la mkaa lifukiwe. Kisha mtatoka kinyumenyume, na hakuna kugeuka."

Sijawahi kuona wanaume wakifanya kazi kama wale. Shomari alivunja mapipa kwa shoka huku akichechemea. Pazi alifukia tanuri kwa mikono. Yohana, asiyeamini, alimwaga gongo ya mwisho huku machozi yakimtoka, sijui kwa toba au kwa majonzi. Tulikuwa hatujamaliza kufagia majivu tuliposikia watu wanarudi kutoka msikitini.

Jumbe alifika na askari wake wakati wanatoka. Watu wazima watatu, wamepangana mstari, wanatembea kinyumenyume, kofia mkononi, wakiuinamia msitu kwa heshima.

"Mnafanya nini nyie?" aliuliza Jumbe.

"Tunatoka," alisema Pazi bila kugeuka.

Askari, ambaye alikuwa mgeni kwetu, alitaka kuingia kukagua. Jumbe alikuwa ameshaiona ile pembe. Alimdaka mkanda akamrudisha.

"Limefungwa lini hili?" alimuuliza Bibi.

"Leo."

Jumbe akasimama pale pale barabarani, akanyoosha shingo, akakagua msitu kwa macho. "Naona pasafi," alisema, na kuondoka kwa haraka isiyolingana na kitambi chake. Kumbe hata tungeacha mapipa yote yanatokota, asingeingia. Bibi alikaa chini njiani akacheka mpaka akalia. Mwanzo nilidhani ni kicheko tu. Baadaye nikaona kilio kilikuwa kingi zaidi, nikaogopa, nikamshika mkono.

Nimeishi na siku ile muda mrefu. Nilipokuwa kijana nilikuwa naisimulia kuwacheka akina Pazi, na watu walicheka sana. Siku hizi nikiisimulia namwona zaidi Bibi, mjane ambaye kila mtu alipita kwake bila kuuliza, na aliyeshtaki kunakostahili akaambiwa atafungwa yeye. Watu wale hawakuiogopa sheria, wala umri wake, wala machozi yake. Iliogopwa foronya. Simlaumu mtu tena, wala Bibi simlaumu kwa uongo.

Alifariki mimi nikiwa mama wa watoto wawili, na msitu akaniachia mimi. Baada ya mazishi watu walipokuwa wanatawanyika, Pazi alinifuata. Alikuwa mzee kabisa, anatembelea fimbo.

"Bi Salma kamwachia nani yale maneno?" aliniuliza taratibu.

Nilitazama ile mivule, imesimama yote, na nilimkumbuka Bibi akinyanyuka kwenye kigogo.

"Mimi," nikasema.

Mzee yule, ambaye angeweza kunizaa, alivua kofia yake akaniamkia shikamoo. Nilimwonea huruma kweli. Kisha nikaitikia marahaba.