Mama Mkwe Alisema Naumwa

Mwanangu wa kwanza alizaliwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa sokoni Singida. Tulikaa mtaa wa Utemini kwa mama mkwe, mjane aliyeuza magauni ya mitumba. Mume wangu alikuwa akisafiri Arusha kufuata marobota ya nguo, kwa hiyo mara nyingi nyumbani tulibaki sisi wawili na mtoto.

Kila mgeni alimpenda yule mtoto, isipokuwa mimi mama yake. Nilimnyonyesha nikitazama ukuta. Akilia, mikono ilikuwa mizito hata kumnyanyua sikuweza. Uji wa uwele niliopikiwa ulipoa ukafanya utando. Nililia kama niliyefiwa. Kilichonitisha zaidi sikumwambia mtu: nilitamani kushika barabara ya Ilongero, niende nisirudi.

Arobaini ilipokwisha, mashangazi wa mume wangu walikuja kunitazama. Mmoja akasema, tena nikisikia, "Huyu karogwa."

Mwenzake akadakia, "Anadeka tu. Sisi tulizaa tukarudi shambani."

Mama mkwe alikuwa akimimina chai. Akaweka birika chini.

"Hajarogwa wala hadeki. Anaumwa. Mimi nilipomzaa mume wake nilikuwa hivihivi. Mlinipeleka kwa waganga nikachanjwa chale, wala hakuna aliyeniuliza najisikiaje."

Walipoondoka, mama mkwe akaja kukaa nami jamvini.

"Mwanangu, unajisikiaje?"

Nikamwambia yote, hata ile habari ya barabara. Hakushtuka. Alinishika mkono, akasema, "Umefanya vizuri kuniambia."

Hakuniacha peke yangu tena. Alinipeleka hospitali, na kila asubuhi tulikwenda sokoni sote watatu, yeye akimbeba mtoto mgongoni. Mimi nilichambua nguo juani. Aliniletea mtoto wakati wa kunyonya, kisha akamchukua, hakunihimiza kumpenda. Wateja wakiuliza, alijibu bila kushusha sauti: "Mkwe wangu aliumwa baada ya kujifungua. Sasa anapata nafuu."

Nafuu ilikuja kidogo kidogo, na siku nyingine ilipotea kabisa. Alizeti zilikuwa zikivunwa siku mtoto alipovuta sidiria kwenye rundo la mitumba akajivika kichwani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamchukua mwenyewe, bila kuambiwa, nikamkumbatia muda mrefu. Mama mkwe alijifanya anakunja magauni.

Baadaye, siku ya kupima watoto kliniki, nilimwona binti mmoja kutoka Sepuka akilia kwenye benchi, kichanga chake kimelala mapajani. Wanawake wenzake walinong'ona kuwa hana akili. Nikasimama mbele yao wote, nikaeleza yaliyonipata mimi. Yule binti alinyanyua uso akauliza, "Dada, na wewe pia?"

"Na mimi pia. Na mama mkwe wangu."

Kesho yake soko zima lilikuwa na habari, maana mama mkwe aliisimulia kwenye kila kibanda: "Mkwe wangu kasimama mbele za watu!" Nimepata mengi maishani, lakini sijawahi kusifiwa hivyo.