Shemeji Sebule Anatafuta Nyumba

Shemeji yangu, mume wa dada, ni dalali wa nyumba, na tangu nimjue hajawahi kuona nyumba mbaya. Mtaani wanamwita Sebule, kwa sababu akishamfungulia mteja mlango tu, huanza: "Tuanzie sebuleni." Hata chumba kimoja cha kulala na kupikia humo humo, kwake kina sebule. Ni pale mlangoni unapovulia viatu.

Ulimi huo ndio uliompatia mke. Dada alikuja kutafuta chumba, akaonyeshwa kimoja ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuupapasa ukiwa umeketi kitandani. Sebule akamwambia, "Hapa jua halitakusumbua hata siku moja." Dada alicheka mpaka akasahau kuuliza choo kiko wapi. Alikipanga chumba, na haukupita muda akaolewa na dalali. Mimi nilimwonya, lakini nani ananisikiliza mimi katika ukoo huu?

Tangu hapo wamehama mara nyingi mno. Mwenye nyumba huyu anapandisha kodi, yule anataka kubomoa, na huyu wa sasa mwanawe anaoa, kwa hiyo amewataka waondoke kabla ya harusi. Kila wakihama, Sebule huisifia nyumba mpya hata kabla godoro halijashushwa kwenye gari. Dada anaoka keki za sherehe, oveni yake ni nzito, na kila safari huongezewa kovu jingine. Alipoambiwa ahame tena, alikaa juu ya hiyo oveni, akakunja mikono. "Sihamii tena kwa mtu," akasema. "Tununue."

Sebule alivuta kiti karibu naye. "Mke wangu, kupanga ni uhuru," akaanza. "Mwenye nyumba akileta za kuleta, unafunga virago. Ukinunua umejifunga mwenyewe, na benki inakukodolea macho hadi uzeeni. Halafu bei za siku hizi si za binadamu."

"Na hizo bei ni nani anayezitetea kwa wateja kila siku?" dada akamuuliza.

Nilicheka kwa sauti. Shemeji akanitazama kama vile mimi ndiye niliyezipandisha.

Hata hivyo anampenda mkewe, hilo simnyimi. Alitafuta mpaka nyumba ikapatikana, ndogo, karibu na wateja wa dada. Benki nayo ilikubali, ingawa kwa masharti ya kuwabana mbavu. Siku ya kwenda kuiona nilijipeleka mwenyewe, maana mambo kama haya hayataki kusimuliwa. Dalali wa nyumba ile alitufungulia, kisha akatoka nje kupokea simu. Dada aliingia jikoni moja kwa moja. Nilimsikia akijisemea peke yake, akipima kwa shubiri mahali pa kuweka oveni. Hajawahi kuwa na jiko lenye madirisha mawili, na sauti yake ilikuwa imerudi usichanani.

Wakati huo huo, kijana mmoja na mkewe wakachungulia mlangoni. Nao walikuja kuiona. Walisitasita, wakitazama nyufa za ukutani na kunong'onezana. Mtu mwenye akili zake angewaacha wanong'onezane waende zao. Shemeji yangu, wapi! Aliona wateja wenye mashaka, na mwili ukaenda wenyewe. Akakunjua mikono, akatabasamu.

"Karibuni, karibuni. Tuanzie sebuleni."

Nilimkonyeza. Nilimfinya. Nikamkanyaga mguu. Akanisogeza pembeni kwa upole, kama kiti kilichomzibia njia. Alishaanza kuivisha nyumba kilemba cha ukoka: upepo unavyopita, majirani wasiojua kugombana, na nyufa, eti zile ni dalili kwamba nyumba imeshatulia. Yule mke akaanza kuuliza kitanda kitakaa upande gani. Mumewe akatoka nje kumtafuta dalali mwenye simu, akarudi meno yote nje. Ameshazungumza na mwenye nyumba, ameshatuma malipo ya kwanza, na wala hakuomba apunguziwe.

"Asante sana, kaka," akamwambia Sebule. "Bila wewe tungeondoka."

Ndipo shemeji akazinduka. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Dada alitoka jikoni akauliza kuna nini, na yule mke, mtoto wa watu, akamjibu kwa furaha kwamba wameipata nyumba.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kule nyumbani alimimina chai akaiacha ipoe, nami nikajifanya nakunja nguo. Kisha akamuuliza mumewe, "Ulifanya makusudi?"

Sebule alikula yamini kwa kila alichokijua. Halafu akanywea. "Nimeapa, lakini sijui," alisema. "Naogopa, mke wangu. Hapa paa likivuja nampigia mwenye nyumba. La kwangu likivuja nitampigia nani?"

"Utanipigia mimi," dada akasema. "Lakini kuanzia leo tukienda kuona nyumba, wewe funga mdomo. Nikikuuliza, niambie mabaya tu."

Nyumba iliyofuata ilikuwa mbali, mwisho wa lami na mbele kidogo. Sebule aliingia na peremende mdomoni, kwa amri. Dalali wa pale alisifia mpaka akatokwa jasho, na shemeji akawa anahamisha uzito mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na mkojo. Hatimaye dada akamgeukia. "Haya. Niambie."

Akatema peremende kiganjani. "Dari ya chumba cha nyuma imelowa. Mvua ikinyesha njia haipitiki, na wateja wako watanung'unika. Mlango wa choo umepinda. Jiko ni dogo, oveni ikiingia wewe utasimama nje. Na bei ni kubwa kuliko nyumba yenyewe." Kila neno lilimtoka kwa taabu, na dalali wa pale akazidi kujifuta jasho.

Dada alizunguka vyumba vyote. Akaigonga dari kwa mpini wa fagio, akaufungua na kuufunga mlango uliopinda. "Tunaichukua," akasema.

Nilimvuta pembeni nikamuuliza kama amerukwa na akili.

"Nyumba zote tulizopanga," akaniambia, "nilihamia nikitafuta ile aliyonisimulia, sikuiona. Kila mara nililia kwanza, ndipo nikafungua mizigo. Hii, mabaya yake nimeshayalia hapa hapa. Tukihamia nitafungua mizigo tu."

Siku ya kukabidhiwa funguo, Sebule alisimama katikati ya chumba kitupu, akaomba ruhusa aseme zuri moja, moja tu. Dada akampa. Mimi nikatafuta pa kukaa, maana namjua. Akafungua mdomo, akatazama kuta, akatazama dari, na mtu yule ambaye hajawahi kuishiwa maneno akaishiwa.

"Ni yetu," akasema.

"Ya benki," dada alimrekebisha, lakini alikuwa ameshamshika mkono. Mimi nikageukia dirishani haraka, sikutaka shemeji anione nikifuta macho.