Maji ya Chini ya Bustani

Walisema sitavuka Makambako. Mtoto wa wafugaji wa Usangu, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini, akasomee maji Iringa? Mama mmoja pale kwenye bomba la kijiji alisema nitarudi kabla fimbo yangu haijakauka. Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, alimtoa mtamba mmoja zizini mwake akauzwa, nikapata ada.

"Utanirudishia mtamba," akaniambia. "Usije ukanirudishia maneno."

Nilivuka. Kabla ya chuo nilipakua magunia Mbeya, magodauni ya karibu na reli, mpaka mabega yakaacha kuuma. Iringa nilikaa Kihesa, chumba cha uani, kwa mama mmoja wa Kihehe aliyekubali kuingoja kodi. Somo la mito niliongoza darasa zima, na sioni aibu kulisema. Wenzangu wengi bado wanatafuta ofisi yenye feni. Mimi nilirudi Usangu nikiwa na ajira ya ofisi ya maji, buti za mpira za kufika kiunoni na wavu wenye mpini.

Kazi yangu walioiona mara ya kwanza waliicheka. Unaingia mtoni penye mawe, unashika wavu upande maji yanakokwenda, unayachokonoa mawe kwa mguu. Wadudu waliojificha wanasombwa na kuingia wavuni, unawamwaga kwenye beseni jeupe. Ukiona vijidudu vya mikia mitatu, maji ni mazima, maana hao hawavumilii uchafu. Ukiona minyoo myekundu peke yake, kuna jambo. Vijana waliniita Bwana Funza. Niliwaacha waite.

Pale mto unapotoka milimani, juu ya bustani za nyanya, beseni lilijaa mikia mitatu. Chini ya bustani nilipata minyoo. Nilirudia, nikapata minyoo. Bustani iliyokaribia maji kuliko zote ilikuwa ya mjomba. Mabomba yake ya kupulizia dawa aliyasuuza palepale ukingoni, kama wote, na chini yake kuna kaya zinazochota maji ya kunywa.

Alisikia, akaja kwangu jioni na kukaa kwenye kigoda, nikampa uji. Alizungumzia mvua kwanza, kisha mahindi, kisha akafikia lililomleta.

"Mpwa wangu, andika ni ng'ombe. Ng'ombe wamezoea kulaumiwa."

Nilimweleza kwamba ng'ombe wanakunywa juu ya bustani pia, na huko wadudu ni wazima. Akaniuliza kama wadudu ndio walionilipia ada. Nikamwambia hapana, ni yeye. Alimaliza uji wake akaondoka.

Niliandika nilichokiona. Ofisi ikaamuru bustani zote zirudi nyuma mita sitini, na utepe wa kupimia niliushika mimi mwenyewe, sikumwachia mtu. Mjomba alikuwa anang'oa miche yenye nyanya bado za kijani, akiipanga vizuri kana kwamba ataipanda tena. Huko nyuma ardhi ni kavu, na pampu hana. Nilingoja kusikia kitu ndani yangu. Nilisikia njaa, nikaenda kula.

Baada ya hapo nililipa. Mama wa Kihesa nilimpelekea kodi yake yote pamoja na gunia la mchele wa kwetu. Alisema nimenenepa. Akabaki mjomba. Nilinunua mtamba mwekundu mwenye mimba, mzuri kuliko aliyenitolea, nikamswaga mwenyewe mchana kweupe, buti za kazi begani, nikipita mbele ya waliosema sitavuka.

Kwenye ukoo wetu deni la mnyama haliishi kwa kumkabidhi mnyama tu. Mwenye kukopesha anakupa maji, unayanywa yote mbele ya watu. Ukibakiza, bado unadaiwa. Wazee walikuwa wamekaa uani kwa mjomba. Mtungi ulikuwa mlangoni, umejaa. Mjomba alichukua kata, akaupita mtungi, akashuka mtoni mwenyewe, chini ya pale ilipokuwa bustani. Alirudi polepole asimwage.

"Kunywa," alisema. "Wewe ndiye unayeyajua."

Niliyajua. Wiki ileile nilikuwa nimegeuza mawe pale, na mikia mitatu ilikuwa haijarudi. Watu wote walinitazama, hata yule mama wa bombani. Mtamba alikuwa anakula majani ya ua.

Nilikunywa mpaka mwisho. Hayakuwa na ladha. Nikaigeuza kata juu chini, lisidondoke tone. Mjomba akaipokea, akaichukua kamba ya mtamba mkononi mwangu, akamwingiza zizini. Siku ile nilikuwa sidaiwi na mtu yeyote, Iringa wala Usangu. Nilifuata njia ya mtoni kurudi nyumbani, buti nikiwa nimezibeba begani.