Maharage Aliyoyasaga Bertha

Bertha Kalinga hapendi kuulizwa anafanya kazi gani, maana jibu lake ni refu. Pale Ilomba, Mbeya, anapoishi husema tu, "Niko maabara." Majirani huitikia, "Aa, unapima malaria," naye huwaacha hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba Bertha anasafisha protini. Anachukua kitu chenye uhai, mbegu au tumbo la mdudu, anakisaga, halafu kwenye ule uji wenye protini za kila aina anatoa moja tu, ikae peke yake bila kuchanganyika na nyingine. Ikishakaa peke yake ndipo anapoweza kuihoji: wewe kazi yako nini? Na ukikutana na fulani, mnafanyana nini?

Wazo la maharage lilitoka kwao, Nyololo. Mama yake, Evarista, alikuwa na maharage ya kijivu yenye madoa meusi, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Aliyatunza kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya moto jikoni. Fukusi walitoboa magunia ya majirani mpaka likabaki vumbi, lakini kibuyu cha Evarista hawakukigusa. Watu walisema ni moshi. Bertha tangu utotoni alikuwa anajiuliza, kama ni moshi, mbona mahindi yaliyoning'inia palepale yanatobolewa?

Basi alipopata nafasi kwenye maabara ile ya Mbeya, alipiga simu nyumbani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Leo umekumbuka kwamba una mama."

"Jamani mama. Naomba unitumie yale maharage ya kwenye kibuyu."

"Ya kwenye kibuyu?"

"Ndiyo, hayo hayo."

"Haya, mwanangu. Nimesikia." Sauti yake ilikuwa laini, Bertha akadhani ni mtandao.

Kwao, maharage ya kula ni mengine, yako kwenye debe. Ya kwenye kibuyu hayapikwi. Binti akiyaomba, maana yake anamwambia mama yake: sasa pumzika, kilimo nakishika mimi. Hapo mama hukung'uta kibuyu chote, habakizi hata punje, na binti akivuna mara ya kwanza hurudisha konzi moja kibuyuni. Bertha alipelekwa shule ya bweni angali mdogo. Desturi hiyo aliwahi kuisikia, ikampita kama yanavyopita maneno ya wakubwa.

Mzigo ulikuja na basi, kifuko kidogo kilichoshonwa kwa kipande cha kitenge. Bertha alipoona kilivyo kidogo alicheka peke yake. Mama naye amekuwa mchoyo, aliwaza.

Alianza kwa kuwafungia fukusi kwenye chupa pamoja na punje chache. Wakataga, mayai yakaanguliwa, na vile vifunza vikafia ndani ya punje. Kwa hiyo haukuwa moshi. Kulikuwa na kitu ndani ya maharage yenyewe, na Bertha akataka kukiona. Akasaga nusu ya kifuko, akachuja, akapitisha maji yake kwenye bomba la kioo lenye chembechembe za kunasa protini. Alikuwa amebakiza hatua moja umeme ulipokatika, Jumamosi, hakuna mtu maabara. Jumatatu alikuta friza imeyeyuka na kazi yote inanuka. Protini haina tofauti na maziwa, ukiiacha kwenye joto imekwenda.

Ilibaki ile nusu nyingine. Mkuu wa maabara, Dokta Junaid, alimkuta anaimimina kwenye blenda.

"Dada Bertha, bakiza kidogo."

"Nikibakiza haitatosha, Dokta. Nyumbani yako tele."

"Umeuliza?"

"Ni mama yangu, Dokta. Kile kibuyu nakijua kuliko ninavyoijua hii maabara."

Dokta Junaid akainua mabega. "Haya, mwenye kibuyu," akasema, akaenda zake.

Safari hii umeme ulikaa. Protini ikatoka safi kabisa. Bertha akafanya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote wa sekondari analijua. Alichukua maji ya wanga, akatia kimeng'enya alichokitoa kwenye tumbo la fukusi, kile kinachomsagia mdudu chakula, kisha akadondoshea iodini. Ikabaki ya kahawia, maana yake wanga umeliwa wote. Akarudia, ila mara hii alitanguliza protini ya maharage. Iodini ikageuka buluu, buluu nzito karibu na nyeusi. Wanga ulikuwepo wote. Protini ya maharage ilikuwa imekikumbatia kile kimeng'enya cha mdudu, ikakiziba mdomo. Kumbe fukusi alikuwa anakula na kushiba, huku anakufa njaa. Binadamu hadhuriki, kwa sababu jikoni moto huilegeza protini hiyo.

Bertha hakumaliza hata kuvua glovu, akampigia mama yake.

"Mama, nimeiona. Ile inayowazuia fukusi, nimeiona."

"Vizuri. Yameota?"

"Yapi?"

"Maharage, Bertha. Nimekuachia tuta pale nyuma ya nyumba, la kuja kupanda ukivuna. Rozalia ananiuliza kila siku mbona sehemu ile iko tupu."

Bertha alikaa kwenye stuli. "Mama, kibuyuni yamebaki mangapi?"

"Yabaki vipi, na wewe umeyaomba?"

Wiki ile ile alikwenda Nyololo. Alimweleza mama yake yote, bila kujitetea. Evarista hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Bertha zaidi. Walikwenda kwa Rozalia, jirani aliyewahi kupewa mbegu ile.

"Mimi?" Rozalia akasema. "Yale yalikuwa magumu kuiva, mama Bertha. Kuni zote zinaishia hapo. Nilihamia haya mapya zamani."

Kila mlango waliobisha walijibiwa hivyo hivyo. Jioni walikaa jikoni, na Evarista akaomba aonyeshwe hicho kilichotoka kwenye maharage yake. Bertha akafungua picha kwenye simu: mstari mmoja mweusi kwenye karatasi nyeupe, alama ya ile protini.

"Ndio huu?"

"Ndiyo mama. Wenyewe uko kwenye kichupa, kwenye friza. Ni safi, hauna kitu kingine."

"Na ukiufukia ardhini?"

"Hauoti. Protini inajua kazi yake tu, mama. Kujizaa haijui. Aliyejua ni punje, na punje nimezisaga."

"Na makapi yake?"

"Nilimwaga."

Evarista aliitazama tena ile picha, akairudisha simu. "Uliniambia unayataka," alisema taratibu. "Nikamwambia Rozalia, binti yangu amekubali kurudi shambani. Nilitamba sana siku ile."

Bertha akaizima simu, akasogeza kuni motoni.

Asubuhi walipanda kwenye tuta lile maharage mapya ya Rozalia, wawili, bila maneno mengi. Yaliota vizuri na yakazaa. Bertha alirudi kuvuna, akatia konzi ya kwanza kibuyuni kama inavyotakiwa, akakining'iniza mwenyewe juu ya moto, mahali pake pa siku zote. Kisha akarudi Mbeya, ambako Dokta Junaid alimpongeza mbele ya wageni na kumwita mwenye kibuyu, na kila mtu akacheka isipokuwa yeye.

Haikupita miezi mingi, simu ikaita akiwa kazini.

"Bertha, nimekishusha kibuyu."

"Ehe, mama."

"Nimekikung'uta kwenye ungo. Wameingia."

Bertha aliuona ungo ule kama yuko nao jikoni: punje zilizotobolewa, na unga laini wa kijivu, kama ule alioumimina kutoka kwenye blenda.

"Yamebaki mangapi mazima, mama?"

"Ndiyo nachambua," Evarista akasema. "Usikate simu. Kaa nami kidogo, nichambue."

Bertha akakaa, simu sikioni, anasikiliza punje zikidondoka moja moja kwenye bakuli.