Hema la Kwenda Koboko

Kaka yangu anakaa Koboko. Kutoka kwetu Awindiri mpaka kwake ni lami, mtu anaweza kwenda asubuhi na kurudi jua bado liko juu. Lakini tangu mama avunjike mguu, yeye hakuja hata siku moja. Mara gari bovu, mara biashara ya mpakani imebana, mara mvua. Nilipompigia simu kumwambia basi sisi ndio tuje, akasema nyumba yake ni ndogo, tutalala wapi. Nyumba ya vyumba vinne, na yeye na mke wake tu. Nilimpa maneno yake siku hiyo, na tangu hapo hatukupigiana simu tena.

Mama hakulalamika. Ila kila jioni nikimkanda mguu aliuliza, "Mutoto yangu iko namna gani?" Mimi ndiye niliyemwosha, niliyempikia, niliyeushika ule mguu mikononi, na mtoto wake alikuwa yule. Iliniuma, sifichi.

Binti yangu, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, ndiye aliyeleta wazo. Akasema twendeni tukapige kambi. Karibu na kwa mjomba kuna uwanja mzuri kando ya mto; tutalala kwenye hema letu, tutakula chakula chetu, naye hatakuwa na la kusema. Mama alicheka mpaka akakohoa. Miaka ya ukimbizi alilala porini upande wa Kongo, mtoto mgongoni, na sasa anasikia kuna watu wanalala nje kwa starehe. "Basi twende," akasema. "Kulala inje mimi najua kupita nyinyi yote."

Sokoni tulipata hema la mtumba, zuri, ila vyuma vyake havikutimia. Mama akajifanya mkubwa wa safari. Hema lisikae chini ya mti mkavu, wala karibu na maji, maana mvua ikinyesha huko juu mto hauna adabu. Tufyeke nyasi kwa ajili ya nyoka, tuchimbe mfereji kulizunguka, moto tuuweke mahali ambapo upepo hautatuletea cheche. Tukakusanya vyandarua, tochi, dawa za malaria, dagaa wakavu, karanga za kusaga, na madumu ya maji ya kuchemsha. Yeye mwenyewe alichagua kitenge kipya cha kuvaa safarini. Nilimwona anavyofurahi, na hasira yangu ikazidi, maana nilijua anajipamba kwa ajili ya nani.

Binti alisema hema hujaribiwa nyumbani kwanza ili mtu asihangaike huko aendako. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari tulilisimamisha uani. Kwa kuwa vyuma havikutosha, tulikata miti, tukatandaza turubai la bluu juu yake. Tukawasha moto, tukabandika sufuria kubwa ya maji, tukatoa mikeka na magodoro, tukalala hapo hapo. Wote watatu tumezaliwa huku, na hakuna hata mmoja aliyefikiri. Kwetu turubai uani, moto usiozimwa, na watu kulala nje, maana yake ni moja tu: ndani kuna maiti. Na mama hakuwa ameonekana getini kwa muda mrefu. Jirani akaona, hakuuliza, nani huuliza jambo kama hilo, na habari ikashika njia ya Koboko.

Asubuhi tukifungasha, tulisikia kilio barabarani. Mama alidhani ni msiba wa jirani. Mimi nilitoka kutazama.

Alikuwa kaka. Alikuwa amekodi gari, limejaa watu na viti vya plastiki na magunia ya mchele, na mbuzi amefungwa miguu. Ile biashara iliyobana ilikuwa imelegea kwa usiku mmoja. Aliruka kabla gari halijasimama vizuri, mikono kichwani, analia, "Mama, umeniacha na nani?" Sikuwahi hata kufungua mdomo, akanipita akaingia getini.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya hema, ndani ya kitenge chake kipya, fimbo mkononi. Uso wake wote ulifunguka. "Umekuja kutuchukua," akasema.

Kaka alishusha mikono kutoka kichwani. Akanitazama mimi kwanza, si mama. "Mutu aliniambia amekufa," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganya.

"Pole sana, ndugu yangu," nikamwambia. "Bado yuko hai."

Binti akanivuta mkono, lakini mimi nikianza nimeanza. Nikamwambia kwamba kwake aliye hai hupewa sababu, na maiti hupewa mbuzi. Akanipa mgongo. Akamshika mama mkono, akakaa kwa muda wa kikombe cha chai, wenzake wakimngoja kwenye gari. Mama akamwuliza kama sasa tunaweza kumfuata nyuma. Akasema wiki hii si nzuri, na gari ni la watu, wanalitaka. Mbuzi aliondoka naye. Mbuzi wa msiba hapewi mtu aliye hai, alisema, ni mkosi.

Walipoondoka, binti alianza kung'oa miti. Mimi nilimngoja mama alie, au amlaani, nipate kumsaidia. Akaniita nikae karibu.

"Wewe uliona uso yake kwa barabara," akasema. "Alikuwa analia na macho, ao na mudomo tu?"

Nilitaka kusema mdomo. Mungu anajua nilivyotaka.

"Na macho, mama."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, akaanza kufungua kitenge. "Basi toa ile vitu kwa gunia, hatuendi tena," akasema. "Siku yangu ikifika, atakuja."