Siku Niliyofagia Karakana

Mume wangu ni seremala, na kitu alichokitamani maisha yake yote si mimi. Ni mashine ya kuranda mbao. Acheni nicheke, maana nikilia mtasema naonea wivu chuma.

Kila Jumamosi alipitia duka la vifaa, akaishikashika, akauliza bei anayoijua fika. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu ameinama juu ya randa ya mkono miaka ishirini, bega limekwisha, na cha mvunguni hajakiona. Benki ilitaka hati ya nyumba. Sisi wapangaji, hati tuitoe wapi?

Ndipo likaja shirika la mikopo midogo. Hawakutaka hati, afisa wao angekuja tu kuiona biashara kwa macho yake. Mume wangu alikosa usingizi kama bwana harusi.

Na mimi, Mungu anisamehe, sipokei mgeni kwenye takataka. Asubuhi, mwenzangu alipokwenda kunyolewa, niliwaita mashemeji wakahamishia kwa jirani vitanda vitatu visivyokamilika, mbao, hata makopo ya vanishi. Nikafagia maranda yote, nikapiga deki, nikatandika kitambaa mezani. Nilijipalia makaa kwa mikono yangu.

"Lo! Mama watoto!" alisema aliporudi. Hakupata nafasi ya kuongeza neno, afisa alikuwa mlangoni.

Afisa, binti mpole mwenye faili, alitazama huku na huku. "Baba, kazi ulisimamisha lini?"

"Sijasimamisha, mwanangu. Vitu viko kwa jirani."

"Naandika nilichokikuta hapa, baba. Uombe tena mwakani."

Nilimkimbilia hadi barabarani, nikamsihi twende akavione. Alinionea huruma, lakini akasema kila asiye na biashara humwonyesha vitu vya jirani. Jamani!

Jioni nilisubiri kufokewa. Angenifokea ningelia, yakaisha. Yeye alikaa kwenye benchi akilisugua bega, akiitazama sakafu.

"Njoo ukae," akaniambia. "Sijawahi kuiona karakana yangu ikipendeza hivi." Akanyoosha kidole pembeni. "Kumbe mashine ingeenea pale. Tena nafasi ingebaki."