Kichuguu cha Maboga

Mwaka ule wanajeshi walipoupora mji wa Lubumbashi, na matanuri ya shaba yakaanza kuzimwa moja baada ya jingine, Delphine Bwalya alipoteza maabara yake. Hakuna aliyemwandikia wala kumwita ofisini. Alifika tu asubuhi akakuta milango imeng'olewa, mizani imebebwa, na matofali ya tanuri la majaribio, yale yaliyotoka Ulaya kwa sababu yalistahimili moto mkali, yamechomolewa hata la mwisho. Baadaye aliyaona tena huko mtaa wa Katuba, yameizunguka mbabula, jiko la makaa la mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate barabarani. Alisalimia, akanunua mkate, akapita.

Alikuwa mhandisi wa udongo. Ndivyo alivyojitambulisha, kwa kuwa jina kamili la shahada yake halikumsaidia mtu yeyote kuelewa anafanya kazi gani. Miaka yote aliyoajiriwa alikuwa akichunguza ni udongo upi unaokubali kukaa motoni bila kulegea wala kupasuka. Maabara ilipokufa, alirudi kwa mama yake, Katuba, akaendelea kuufinyanga na kuuchoma nyuma ya jiko. Majirani waliona ni ushujaa. Yeye mwenyewe alijua kwamba hakuwa na namna nyingine ya kuzipitisha asubuhi zake.

Kisha pampu ya nyumba ya uzazi ya Katuba ikaharibika. Ilikuwa pampu ya kisima, nayo mtaa mzima uliitegemea tangu mabomba ya mji yalipoanza kutoa upepo badala ya maji. Sasa wanawake waliokuja kujifungua walifika na ndugu nyuma yao, kila ndugu na bidoni la maji kichwani. Delphine aliifungua pampu pamoja na Jeannot, msubi wa mtaa wa Kamalondo, fundi wa kuyeyusha na kumimina shaba, aliyekuwa na kiwanda kidogo nyuma ya mafundi cherehani. Ubovu ulionekana mara moja: kusine, ile pete nene ya shaba ya manjano inayoushika mhimili usiyumbe, ilikuwa imelika hadi ikabaki nyembamba kama ganda la yai. Ya kununua haikupatikana. Ya kusubu, Jeannot aliweza, lakini vyungu vyake vya kuyeyushia, ambavyo navyo vilikuwa vya kuagizwa kutoka nje, vilikwisha kupasuka vyote.

"Chungu nitafanya miye," Delphine alisema. "Na udongo ya kiulu."

Kiulu ni kichuguu, na Lubumbashi haina uhaba wa vichuguu. Vipo vinavyozidi nyumba kwa urefu. Watu wa zamani wa nchi ile waliyeyusha shaba katika matanuri yaliyojengwa kwa udongo huohuo, nao walikuwa wameufikia ujuzi wao kwa kujaribu na kuharibu, kama yeye. Vyungu vidogo alivyofinyanga kwa udongo wa kichuguu kimoja kando ya njia ya Kipushi vilikuwa vimeushinda moto mara nyingi. Alikuwa na haki ya kusema alivyosema. Akapita nyumba kwa nyumba akiomba shaba ya manjano: kufuli mbovu, bomba zilizokufa, kengele ya baiskeli. Mama Ramla, mjane wa ukoo wa Maniema aliyeishi upande wa pili wa barabara, alitoa birika ya kahawa, ingawa hakuitoa kimyakimya.

"Hii birika ilitembea na miguu kutoka Kasongo, ku kichwa ya bibi yangu," alisema. "Sasa weye unataka niitume mu moto."

"Mu pampu, mama. Kila siku itakunywa mayi."

"Ilikuwa inakunywa kahawa, mwanangu. Unaishusha cheo."

Akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akampa.

Chungu cha kusine kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, na udongo aliokuwa nao haukutosha. Njia ya Kipushi ilikuwa na kizuizi cha wanajeshi, na kila mtu aliyepita na gunia aliulizwa gunia lina nini, kisha akapita bila gunia. Lakini nyuma ya nyumba ya mama yake, mwisho wa kiwanja, kilisimama kichuguu kizima, kimefunikwa na majani ya maboga. Mchwa ni walewale, alifikiri. Ardhi ni ileile. Akachimba pale. Hakuupima udongo ule kwanza. Katika maabara asingemruhusu mtu yeyote kufanya hivyo, lakini maabara haikuwapo, wanawake walikuwa wakibeba bidoni, naye alikuwa amekwisha kutoa ahadi.

Siku ya kusubu, watu walijaa kiwandani. Jeannot aliuwasha moto wa makala, makaa ya miti, mivukuto ikavuma, shaba ikaanza kulegea na kung'aa. Alipokishika chungu kwa koleo akiinue, ubavu wa chungu uliingia ndani taratibu, kama shavu la mtu aliyeng'oka meno, na shaba yote ikamiminika majivuni. Hakuna aliyeungua. Birika ya bibi ya Mama Ramla ikaganda chini ya tanuri pamoja na kufuli na makala, bonge moja lisilo na sura.

Laiti mambo yangeishia kwenye aibu. Lakini huo ulikuwa wakati ambapo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakiambiwa katika mikutano ya hadhara warudi kwao, na Jeannot alikuwa mmoja wao. Baba yake aliletwa mjini kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa Kamalondo na, kama alivyopenda kusema, Kasai aliiona ramanini tu. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuandikisha familia yake kwa treni ya kuondoka. Jambo hilo Mwansa alilijua. Mwansa alikuwa fundi wa magari asiye na magari ya kutengeneza, na mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya mikono yake.

"Muntu anaenda zake," alisema mbele ya nyumba ya uzazi, watu wakimsikiliza. "Ju ya nini atuachie mayi? Alizidisha moto kusudi. Chungu ya enjenieri iko na kosa gani? Yule mama alisoma."

Maneno yale yalitembea. Kabla ya wiki kwisha, vijana wa mikutano ile walikuwa wakipita mbele ya kiwanda cha Jeannot polepole, wakiangalia mlango. Delphine alisikia yote, akanyamaza. Alijiambia kwamba mtafiti hasemi kabla ya kujua. Huenda kweli moto ulizidi. Huenda chungu hakikukauka vizuri. Yote yaliwezekana, na mtu mwaminifu hawezi kuchagua sababu kwa kuwa inampendeza. Hoja ilikuwa safi. Tatizo lake ni kwamba ilimfaa yeye pia: watu waliendelea kumwita mama aliyesoma.

Jeannot alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akakataa kiti.

"Mama enjenieri, miye siogopi Mwansa. Nakuuliza weye. Unaona nilifanya kusudi?"

"Sijui bado ni nini ilitokea, Jeannot."

Jeannot aliivaa kofia yake.

"Sawa," alisema. "Bado."

Baada ya yeye kuondoka, Delphine alikwenda kuvichukua vipande vya chungu, alivyokuwa amevitupa nyuma ya jiko bila kuvitazama. Alipovisafisha, aliona jambo ambalo fundi wa udongo yeyote angeliona siku ileile kama angetaka kuona. Sehemu iliyolegea iling'aa kijani kama chupa. Udongo mzuri haugeuki kioo katika moto wa kuyeyushia birika. Kuna kitu kiliuyeyusha kutoka ndani. Akaenda kichuguuni, akachota udongo, akaukoroga katika kikombe cha maji. Maji yaliteleza vidoleni kama sabuni.

Mama yake alitoka jikoni na beseni la majivu ya mbabula. Kama kila asubuhi tangu Delphine akiwa mtoto, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kichuguu akayamwaga juu yake.

"Maboga inapenda," alisema alipoona anatazamwa. "Ju ya nini unaniangalia sawa vile nimeiba?"

Miaka ya majivu, na miaka ya mvua kuyashusha chini. Magadi ya majivu yalikuwa yamejaa ndani ya udongo, na magadi ndiyo huufanya udongo uyeyuke mapema. Sasa alijua. Au karibu alijua. Na kwa mara ya kwanza ule ukaribu ulimtosha kumtoa nyumbani kabla hajabadili nguo.

Hakwenda kueleza kwa maneno. Maneno ya mji yalikuwa mengi kuliko yake. Alifinyanga vidole viwili vya udongo, virefu sawa, vyembamba sawa: kimoja kwa mabaki ya udongo wa njia ya Kipushi, kingine kwa udongo wa kichuguu cha maboga. Ndivyo walivyopima katika maabara. Vilipokauka, alimwomba Jeannot awashe tanuri mchana, mlango wazi, kisha akaenda mwenyewe kumwita Mwansa, Mama Ramla, na kila aliyetoa hata msumari. Vijana wa mkutanoni walikuja bila kuitwa, wakasimama barabarani.

"Vyote viwili vitaona moto moja," aliwaambia, akivisimamisha juu ya tofali lililopakwa mchanga. "Hiki ni cha Kipushi. Hiki ni cha kwetu, mu parsele ya mama, penye maboga. Njo nilifanya nacho chungu. Mwansa, vuta mivukuto weye."

"Miye?"

"Weye. Ili baadaye usiseme moto ulizidi."

Watu wakacheka, na Mwansa akavuta. Alivuta kwa hasira mwanzoni, kisha kwa udadisi, jasho likimtoka. Makala yakageuka mekundu, kisha karibu meupe. Wakachungulia kwa zamu. Kidole cha Kipushi kilisimama. Kidole cha kwao kiliinamisha ncha kidogo, kikajipinda, mwisho kikalaza kichwa chake juu ya tofali.

"Ya kwenu imelewa, mama," Mwansa alisema, mikono ingali kwenye mivukuto.

"Imelewa majivu. Kosa ni ya udongo, na udongo nilichagua miye. Sikuupima. Jeannot hakuharibu kitu."

Mama Ramla alikuwa wa kwanza kulikata shauri.

"Basi birika ya bibi yangu ilikuliwa na maboga ya mama yako," alisema. "Na maboga yenyewe hamkuniletea hata moja."

Vicheko vilivyofuata vilifika hadi barabarani, na vijana waliosimama pale, wakiona hakuna tena jambo la kusimamia, walitawanyika wawili wawili. Mwansa hakuomba radhi. Aliuliza kichuguu kile cha Kipushi kiko baada ya kizuizi au kabla, akaondoka na baiskeli yake kwa vijia vya mashambani, akarudi jioni na gunia limejaa. Alichowaambia wanajeshi, kama alikutana nao, hakukisema, jambo lililokuwa geni kwake.

Chungu kipya kilihitaji kukauka bila haraka, na hapo uharibifu wa nchi uliwafadhili kwa mara hii moja: treni ya Jeannot ilikuwa kituoni na mabehewa yake, lakini haikuwa na kichwa cha kuivuta. Walilivunja bonge la shaba, wakaling'oa makala. Safari hii ubavu wa chungu ulikaa ulivyofinyangwa. Jeannot alimimina mfululizo, bila kusita, na alipolivunja kalibu la mchanga, kusine ilikuwa ndani, nzito, ya moto, ya manjano. Pampu ilitoa matope, kisha maji. Mama Ramla aliyaonja wa kwanza, akasema hayana ladha ya kahawa hata kidogo.

Kichwa cha treni kilipatikana mwishowe. Delphine alikwenda kituoni na boga kubwa la mama yake, akamkuta Jeannot amekaa juu ya magunia yake katikati ya familia nyingine nyingi. Alilipokea boga kwa mikono miwili. Delphine alikuwa ameamua kumshukuru, lakini ulimi ukamletea jambo jingine.

"Siku ile uliniuliza, nilikuwa sijui."

"Udongo, ndiyo, ulikuwa hujaujua," Jeannot alijibu kwa upole. "Lakini miye, ulikuwa unanijua."

Hakulisema kama lawama. Aliuliza habari za pampu, akamwonyesha pa kutia grisi, na treni ilipoanza kujivuta alinyanyua kofia.

Vidole viwili vya udongo vimekaa dirishani kwa Delphine hadi leo. Wageni huuliza juu ya kile kilichopinda, naye huwaeleza habari za majivu, magadi na maboga, na hueleza vizuri. Juu ya kile kilichosimama hakuna anayeuliza. Hicho ndicho anachokitazama akiwa peke yake. Kama vyote viwili vingesimama siku ile, mbele ya watu na vijana wale wa barabarani, angesema nini juu ya Jeannot? Amelijaribu jibu mara nyingi. Bado halijasimama motoni.